Nalipa Ada, Nanyimwa Chapati

Mjini hapa wenye raha ni watu wawili: mgonjwa mwenye cheti na mzima ambaye hajawahi kupima. Mgonjwa akiingia kwenye shughuli anapishwa kiti cha karibu na feni, anaulizwa kwa upole kama amemeza dawa, na akina mama wanamchagulia mnofu usio na mafuta. Asiyepima naye anamaliza biriani, anaongeza, anashushia na soda ya baridi, anajipangusa mdomo na kwenda zake. Mwenzenu sina hata raha moja kati ya hizo mbili. Nimepima, nimekutwa sina kisukari, na tangu siku hiyo nanyimwa chapati kwa ajili ya ugonjwa ambao sina.

Nieleweke vizuri. Wenye kisukari nawaheshimu, maana maradhi hayo nimeyaona kwenye ukoo, na si ya kufanyia mzaha. Ninacholalamikia ni masharti ya mgonjwa kupewa mtu mzima. Ofisini kwetu masjala hufungui faili la shauri ambalo halijatokea. Nyumbani kwangu limefunguliwa, limepewa namba, na msomaji wake mkuu ni binti yangu.

Binti yangu mkubwa anasoma udaktari. Ada yake nailipa mimi, kwa mshahara ambao ukiingia benki unapita kama msafiri wa basi la usiku. Likizo hii amerudi na begi la vitabu, mashine ndogo ya kupimia sukari, na hamu kubwa ya kupata mtu wa kumfanyia mazoezi. Mama yake, mwanamke mwenye akili, alipoiona tu ile mashine akakumbuka maharage yake jikoni. Nikabaki mimi sebuleni na kidole changu.

Asubuhi, tumbo tupu, kisindano, tone la damu kwenye kijiti. Mashine ikahesabu kurudi nyuma, ikatulia, ikaandika 5.8.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Inategemea, baba."

Mtoto nimemsomesha tangu chekechea ili aje kuniambia inategemea! Nikambana, na ikaonekana inategemea nchi. Shirika la Afya Duniani, lililoko Geneva, linaanza kuitilia shaka sukari ya tumbo tupu ikifika milimoli 6.1 kwa lita. Kisukari chenyewe ni kuanzia 7.0. Chama cha kisukari cha Marekani nacho kilikuwa na hiyohiyo 6.1, mpaka mwaka 2003 wakubwa wake walipokaa kikao na kuishusha hadi 5.6. Mamilioni ya watu walilala wazima, wakaamka wagonjwa watarajiwa, bila kula hata andazi moja la ziada usiku ule. Na hiyo 7.0 msidhani ilishuka kutoka mbinguni: hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa 7.8.

Kwa hiyo kwa Geneva mimi ni mzima, kwa Marekani niko njiani. Nikatoa pendekezo la kistaarabu kwamba, kwa kuwa Tanzania ni nchi isiyofungamana na upande wowote lakini haina ugomvi na Geneva, tufuate Geneva na chapati zirudi mezani.

"Baba," akasema, "mpaka umechorwa na watu kikaoni. Mchwa wanajua hati ya kiwanja chako inaishia wapi?"

Unaona adabu hiyo? Na maneno yenyewe ameyatoa kwa bibi yake, mama yangu mzazi, kwa hiyo hata kumkemea sikuweza. Maana yake, akanifafanulia, ni kwamba ile 7.0 imewekwa mahali ambapo macho yanaanza kuharibika kwa namna inayoonekana waziwazi. Mishipa mikubwa ya damu, ile ya moyo, ya shingo na ya miguu, haisubiri mpaka huo. Hatari yake inapanda polepole tangu chini kabisa, huko ambako sisi wazima tunapongezana.

Nikamwambia alete ushahidi. Kosa la kumwomba mwanafunzi ushahidi mnalijua: hamlali mapema siku hiyo.

Akaniletea makarani. Whitehall ni mtaa wa London uliojaa wizara za serikali. Kuanzia mwaka 1967 madaktari waliwaita watumishi wa huko, wanaume zaidi ya 18,000 wa umri wa miaka 40 hadi 64, wakawapima presha na lehemu, wakawauliza habari za sigara, kisha wakawanywesha gramu 50 za glukosi. Saa mbili baadaye wakawatoa damu. Halafu wakawaruhusu warudi kwenye mafaili yao, wao wakakaa miaka mingi kuhesabu nani anakufa na kwa nini. (Mtumishi mwenzangu, serikali ikikupa kinywaji cha bure, uliza kwanza inasubiri nini.) Mwaka 1980 yakachapishwa majibu. Wale waliokuwa katika asilimia 5 ya juu kwa sukari, watu ambao hawakuwa wamefikia kisukari, walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara mbili ya wenzao.

Iliniuma, kwa sababu ni makarani. Wangekuwa wanajeshi au wacheza mieleka ningesema hayanihusu. Hawa ni watu wa kiti, wino na chai ya saa nne. Hawa ni mimi, ila tai zao zilinyooshwa.

Utafiti huohuo ulikuta na jambo jingine, nalo binti alitaka kuliruka nikamzuia: matarishi na mabawabu wa wizara walikufa kwa moyo zaidi ya mara tatu ya mabosi wa ngazi ya juu kabisa, na sigara na presha zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Hapo ndipo nilipoliona suluhisho la kisayansi. Barua yangu ya kuomba kupandishwa cheo kwa sababu za mishipa ya damu iko mezani kwa ofisa utumishi. Haijajibiwa.

Mwaka 1999 wakatokea wengine wakakusanya tafiti 20 mahali pamoja, watu 95,783, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 12 na kitu. Mwenye sukari ya asubuhi ya 6.1, ambaye Geneva ndiyo kwanza wanaanza kumkunjia uso, hatari yake ya mshtuko wa moyo au kiharusi ilizidi kwa theluthi moja ile ya mwenye 4.2. Mimi wa 5.8 nikaanza kupiga hesabu kichwani, nikaacha, maana hesabu nayo inapandisha presha.

Na hapa nimtendee haki binti: alikiri mwenyewe kwamba kuandamana si kusababisha. Mtu mwenye sukari ya juu juu mara nyingi ana kitambi, presha yake nayo imechangamka, na mazoezi yake ni kutafuta rimoti. Ukimwona anaanguka huwezi kuishika sukari peke yake ukaipeleka mahakamani. Presha na sigara bado ndio wauaji wakubwa wa mishipa, na mtu anayevuta pakiti kwa siku huku akihangaika na kijiko cha sukari anaziba tundu la panya mlango ukiwa wazi. Mimi sivuti. Nilitaja hilo kwa sauti mara kadhaa, hakuna aliyeniandikia alama.

Sasa akasema kipimo cha asubuhi hakitoshi. Watafiti wa Ulaya walishaonyesha kwamba sukari ya saa mbili baada ya kunywa glukosi inatabiri vifo vizuri kuliko ile ya tumbo tupu. Wengine asubuhi wako safi, mambo yanaharibika wakishakula. Nikapelekwa kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Foleni ilikuwa ya kawaida, yaani iliyotangulia kuwapo kabla ya jengo. Muuguzi akanikabidhi bilauri ya maji yaliyokorogwa gramu 75 za glukosi.

"Kunywa yote, mzee. Usiache."

Mimi ni mpenzi wa sukari, lakini ile si sukari, ni adhabu. Inashika ulimi, inashika koo, inafika tumboni inakaa kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Pembeni yangu alikaa dada mjamzito naye na bilauri yake, akainywa yote kwa mkupuo mmoja na kunitazama kwa huruma. Saa mbili kwenye benchi, televisheni bila sauti, na kila nikiinuka kunyoosha mguu: "Mzee, tulia, ukitembeatembea utaharibu kipimo." Sentensi hiyo niliipuuza wakati ule. Ingekuja kunitesa baadaye.

Majibu: 7.6. Mpaka ni 7.8. Wakatoa na kile kipimo cha miezi mitatu, kinachoangalia sukari iliyogandana na himoglobini. Chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi, kwa hiyo huwezi kujinyima chapati Jumatano ukamdanganya daktari Ijumaa. (Mwenye selimundu au upungufu wa damu kipimo hicho kinaweza kumdanganya, amwambie daktari mapema.) Changu kikawa asilimia 5.6, Wamarekani wanaanza kusumbua mtu kwenye 5.7. Daktari, kijana ambaye umri wake ungemruhusu kuwa mwanangu wa tatu, akanishika mkono. "Mzee wangu, hongera, uko ndani ya mstari." Nikamgeukia binti kwa ushindi. Alikuwa anatazama dari.

Njiani kurudi, ndani ya daladala, akanipa darsa la mishipa mbele ya abiria. Ndani ya kila mshipa, anasema, kuna utando wa seli uliopangwa tabaka moja tu. Utando huo ndio unaouamuru mshipa ulegee au ukaze, kwa kutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Wamarekani watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuifumbua habari hiyo. Sukari ikipanda ghafla, seli zile zinazalisha kemikali kali zinazoila ile gesi kabla haijafanya kazi, na mshipa unakosa ulaini. Ikijirudia miaka na miaka, utando unachakaa, mafuta yanapata pa kupenya, na ukuta unaanza kunenepa. Kondakta alisahau kudai nauli. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya vitumbua aliifunika taratibu na khanga.

Jioni akataka nione kwa macho. Kuna kipimo ambacho mkono unafungwa kwa ule mkanda wa presha, unajazwa upepo mpaka damu inasimama, dakika tano, kisha unaachiliwa ghafla. Mshipa wa mzima unatakiwa kutanuka kuipokea damu inayorudi, na mashine ya ultrasaundi inapima umetanuka kiasi gani. Wajapani walikifanya kwa watu, wakiwamo wasio na kisukari kabisa, kabla na baada ya kuwanywesha glukosi. Saa moja baada ya kinywaji, mishipa ya wazima nayo ilitanuka kidogo kuliko kawaida. Saa ya pili ilianza kurudi katika hali yake. Ya wenye kisukari ilichelewa. Basi binti akanifunga mkanda wakati natazama mpira. Simba wanapiga kona, mkono wangu umekufa ganzi, vidole vya bluu, na yeye kashika simu anahesabu dakika. Ultrasaundi hana. Alitaka tu nielewe.

Lililonikera zaidi ni la kijiko. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Sukari yote inayoogelea humo, kwa mtu mwenye 5.0, ni gramu nne na nusu: kijiko kimoja cha chai. Kimoja! Kwenye mwili mzima, kuanzia utosini hadi unyayoni! Na mimi kwenye kikombe kimoja cha chai ya rangi natia vinne, navikoroga, naonja, naongeza. Soda ya mililita 350 ina gramu 35 na zaidi. Shirika la Afya Duniani, hao hao marafiki zangu wa Geneva niliowategemea, wamependekeza tangu 2015 kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5, ambayo ni kama gramu 25, vijiko sita, kwa siku nzima, pamoja na asali na juisi. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika madukani na bei kupaa, mtaa mzima tulilalamika. Kumbe kuna watu walikuwa wanatutibu.

Nikaenda kijiweni kutafuta watu wenye akili timamu. Mzee mmoja wa pale, fundi baiskeli mstaafu, ana nadharia kwamba zamani maradhi haya hayakuwapo, yameletwa na vipimo. Nusu ya maneno yake yana ukweli wa kushangaza. Daktari McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, wakachapisha mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Lakini wale wa katikati, kina sisi, walikuwapo tayari, wengi mara kadhaa kuliko wagonjwa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, mijini na vijijini, ukakuta kama 9 katika kila mia wana sukari iliyopanda au wanameza dawa. Vipimo havikuwa vya aina moja, kwa hiyo usizilinganishe namba hizo kwa rula, ila mzee alipozisikia alinyamaza, akaagiza kahawa, na kashata akaisogeza kwangu.

Wengine kijiweni walikuwa na dawa. Kila mtu ana dawa. Mmoja anasema asali si sukari kwa sababu imetoka kwa nyuki. Mwingine sukari guru, kwa sababu ni ya kahawia. Wa tatu ana shemeji aliyekunywa unga wa mlonge na mdalasini, na sasa anakula wali mchana na usiku na mashine inaogopa kumpima. Kwenye daladala ya Mbagala nimeuziwa chupa ya "kusafisha mishipa" na jamaa aliyekuwa anaongea vizuri kuliko wahadhiri wa binti yangu. Ninayo kabatini. Inanuka tangawizi na betri.

Halafu akaja shemeji yetu kutoka Marekani, kaka wa mke wangu, mtu mzima wa afya, anayekimbia asubuhi kwa hiari yake bila kufukuzwa. Mkononi, nyuma ya msuli, amegandisha kitufe cheupe kinachosoma sukari mchana na usiku na kuipeleka kwenye simu. Nikampa pole, nikidhani ni mgonjwa. Hana kitu! Huko kwao, anasema, tangu 2024 vitufe hivyo vimeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari, na wazima wanajipachika kwa wingi. Tukaandaa pilau kumkaribisha. Kijiko cha tatu, simu ikalia. Shemeji akaweka kijiko chini, akainuka, akaanza kutembea huku na huku ukumbini. Mama mkwe akadhani ameumwa na nge. Tukamtafuta nge huyo chini ya mikeka, pilau likapoa.

Binti, kwa mara ya kwanza likizo nzima, alikuwa upande wangu. Sukari ya mzima kupanda baada ya kula na kushuka ni kawaida ya mwili, alimwambia mjomba wake kwa heshima zote, na hakuna aliyekwisha kuthibitisha kwamba mtu mwenye afya akikimbizana na kila mlima wa kwenye simu mishipa yake itamlipa. Nikafurahi, nikanyoosha mkono kwenye sinia. "Wewe hapana, baba," akasema. "Wewe una 5.8."

Nikajaribu njia ya dawa. Kama tatizo ni sukari kupanda, nimeze kidonge cha kuishusha na chapati ziendelee. Akaniambia wenzangu walishaiwaza. Kuna dawa, akabosi, inayochelewesha wanga kugeuka sukari tumboni. Huko China waliwapa watu wenye ugonjwa wa moyo na sukari ya katikati. Jumla, pamoja na waliopewa kidonge bandia, walikuwa zaidi ya 6,500. Majibu yalitoka 2017: waliovuka kuingia kwenye kisukari walipungua, lakini mishtuko ya moyo na vifo vya moyo havikupungua. Kwa hiyo kuishusha namba peke yake si kuuponya mshipa, au angalau haikutosha kwa watu ambao mishipa yao ilikwisha kuharibika.

Huko huko China, mji wa Daqing, ulio maarufu kwa mafuta ya petroli, walianza mwaka 1986 na watu 577 waliovuka ile 7.8 bila kufika kwenye kisukari. Kliniki 33, wengine walibadilishiwa chakula, wengine wakatakiwa kufanya mazoezi, wengine vyote viwili, wengine wakaachwa na maisha yao. Miaka sita. Kisha wakawafuatilia hadi ikatimia miaka 30. Waliokuwa kwenye masharti walichelewa kupata kisukari kwa karibu miaka minne, matukio ya moyo na kiharusi yakapungua kama robo, na wakaishi zaidi kwa wastani wa mwaka 1.44.

Nikachukua kalamu. Mimi ni mtu wa masjala, hesabu ya kuingia na kutoka naijua. Miaka sita ya mboga za majani itoke, mwaka mmoja na miezi mitano iingie. "Na huo mwaka mmoja," nikauliza, "nitaruhusiwa kula nini?" Mama yake akacheka jikoni mpaka mwiko ukaanguka. Binti hakucheka. Alisema hiyo miezi mitano peke yake inatosha kumwona mjukuu akianza kutembea. Mjukuu mwenyewe hayupo, wala dalili zake, na nikatamka wazi kwamba ziendelee kutokuwapo mpaka amalize chuo.

Basi tukafikia mkataba, kwa maana ya kwamba wao walikubaliana na mimi nikaarifiwa. Chai kijiko kimoja. Soda ni ya Idi. Chapati ni moja, ya Jumapili, na inatanguliwa na maharage. Jambo hili la kutanguliza ni jipya. Majaribio ya New York, kwanza kwa wenye kisukari kisha kwa walio katikati, yalionyesha kwamba mtu akianza na mboga na nyama, wanga ukaja mwisho, sukari inapanda kidogo kuliko akianza na mkate. Ni vyema kwa mtu wa New York. Anayekula ugali afanyeje? Ugali na mboga vimeumbwa kuingia mdomoni pamoja, ndiyo maana ya kulitoboa lile tonge. Nikitanguliza mchicha na dagaa, vinaisha, nabaki uso kwa uso na ugali, tunatazamana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Na wali nao, sahani ya mtu mzima aliyetoka kazini inafika gramu 75 za wanga na kupita, yaani ni ile bilauri ya kituo cha afya, ila hii ina nazi.

Sharti la mwisho ni kutembea baada ya chakula cha usiku, na hapa ndipo lile onyo la muuguzi liliponirudia. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu bila kusubiri ruhusa ya insulini, kwa hiyo robo saa ya kutembea inaukata ule mlima. Sina hoja dhidi ya sayansi hiyo. Hoja yangu ni mtaa. Mwanamume wa umri wangu akionekana saa tatu usiku, kandambili miguuni, anazunguka nyumba yake mara tatu bila kuingia, mtaa unafanya tafsiri yake. Jirani wa kushoto alinisubiri kwenye kona. "Kaka, mmegombana? Godoro lipo, sema tu." Mlinzi wa duka la dawa alinimulika tochi usoni. Jumamosi mjumbe akaja rasmi, akakaa, akakohoa, akamwambia mke wangu kwamba ndoa ni uvumilivu. Mke wangu, badala ya kueleza, akamjibu kwamba anajitahidi.

Sasa tunatembea watatu: mimi, jirani wa kushoto aliyekuja kunisuluhisha, na mjumbe, ambaye alipimwa sebuleni kwangu siku ileile akakutwa na 6.4, na tangu hapo haongelei ndoa za watu. Mke wangu bado ana maharage jikoni kila mashine inapotoka begini. Jana usiku tulirudi tukiwa na njaa upya, nikaomba kachumbari, ikaletwa haina ladha kabisa. Nikauliza chumvi imekwenda wapi. Binti akasema presha ni mada ya muhula ujao, ila ameona aanze kusoma mapema.